"Cha bure hakithaminiwi": kuna watu walienda kuipima hii kauli kwa shilingi 40

#1 Mdadisi wa Zamani (mleta mada)

Wakuu, poleni na majukumu.

Jumapili tulikuwa na kikao cha mtaa, ajenda ya tatu zahanati. Akasimama mzee mmoja anayeheshimika sana, akasema huduma zote zichangiwe, hata kama ni elfu moja tu, kwa sababu cha bure hakithaminiwi. Vichwa vyote vikaitikia, changu kikiwemo. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiona mjinga, maana kauli hiyo naijua. Ilishapimwa, tena kwa shilingi kumi, ishirini na arobaini za Kenya, kwa wajawazito waliokuja kliniki zao kama kawaida.

Nitangulize kusema mimi si mchumi. Nimekuwa mdadisi miaka sita, yaani yule mtu anayegonga hodi na kishikwambi kukuuliza ndani ya siku saba zilizopita mmekula nyama mara ngapi. Kazi za watafiti wa uchumi nimezijua kutokea chini, kwa miguu na mbwa wa watu. Ndiyo maana hii stori naipenda. Inaonyesha utafiti wa uchumi unaweza kufanya nini ukikutana na swali la kweli la serikali, siyo zile grafu za kwenye makongamano.

Twende.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya vyandarua vyenye dawa. Kwamba vinaokoa watoto, hakuna aliyebisha. Ugomvi ulikuwa viuzwe kwa bei ya punguzo au vigawiwe bure. Waliotaka viuzwe walikuwa na hoja tatu, na tusiwabeze. Ya kwanza, bei inachuja: anayetoa hela ni mwenye shida nacho kweli, asiye na shida hatakichukua akafunikie vifaranga. Ya pili, aliyelipa anaona uchungu kukiacha kabatini. Ya tatu, ukimzoesha mtu bure leo, kesho akiambiwa anunue atakutazama tu.

Sisi Tanzania tulipita njia ya katikati. Mtakumbuka Hati Punguzo, ilianza 2004: mama mjamzito anapewa hati kliniki, anakwenda nayo dukani, anaongezea hela, anatoka na chandarua. Kenya nako kliniki zilikuwa zinawauzia wajawazito kwa Ksh 50, bei ambayo tayari ilikuwa imepunguzwa sana.

Wakaja wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas. Walichukua kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya wakapiga kura, yaani ile ya bahati nasibu. Nne zikabaki zilivyo. Nyingine 16 zikapewa vyandarua kwa bei tofauti tofauti: huku bure, huku kumi, huku ishirini, huku arobaini. Kura ndiyo roho ya jambo lenyewe. Kliniki haikupata bei ya bure kwa kuwa iko kwenye umaskini zaidi, wala kwa kuwa mganga wake anajuana na mtu wilayani. Kwa hiyo ukiona tofauti mbele ya safari, huna pa kuipeleka isipokuwa kwenye bei.

Tuanze na waliochukua. Kutoka bure kwenda Ksh 40, idadi ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Sitini! Na Ksh 40 bado ilikuwa chini ya bei ya kawaida ya 50.

Sasa hoja ya kwanza, ya kuchuja. Hapa walifanya kitu kizuri: waliwatoboa kidole wakapima damu. Malaria kwa mjamzito inakula damu, kwa hiyo kama bei inachuja vizuri, waliokubali kulipa walipaswa kuwa na upungufu wa damu kuliko wengine. Hawakuwa nao. Bei ilichuja mifuko, haikuchuja ugonjwa.

Hoja ya pili, uchungu wa hela. Mama akishakubali bei ya kliniki yake, anachezeshwa kura nyingine ya papo hapo ya punguzo la ziada. Wawili wamekubali bei ileile, mmoja kalipa, mwenzake kaondoka nacho bure. Baadaye watu wakaenda majumbani bila taarifa kuangalia nani katundika. Aliyelipa hakutundika kuliko aliyepewa.

Hoja ya tatu Dupas aliirudia peke yake kwenye utafiti mwingine uliochapishwa 2014. Watu walipewa vocha za bei mbalimbali, kuanzia bure, na mwaka mmoja baadaye wakapewa nafasi ya kununua chandarua kingine kwa Ksh 150. Waliopata cha kwanza bure au kwa bei ya chini sana ndio walionunua zaidi. Walikuwa wamelala chini yake mwaka mzima, wakajua kinafanya nini.

Haya, karibuni. Najua mna mawe.

---

#2 Kipande cha Muwa

Mkuu heshima yako, lakini mimi natokea huku ziwani. Vyandarua vya bure nimeviona kwa macho yangu vinavua dagaa. Vingine vimezungushiwa mchicha, vingine banda la kuku. Na haya siyo ya kusimuliwa. Hao watafiti wako walilala hoteli gani?

---

#3 Bibi Mitishamba

😂😂 Hapo kwa mchicha umenigusa. Nipite tu nisije nikajitaja.

---

#4 Mdadisi wa Zamani

@Kipande cha Muwa, hilo jiwe nilikuwa nalisubiri. Na mimi nimeviona. Ila jiulize umeviona wapi. Bustanini, ufukweni, bandani, yaani nje. Chandarua kilichotundikwa juu ya kitanda cha mtu kiko chumbani kwake, wewe utakionea wapi? Ukikaa barabarani ukahesabu, utahesabu vile vilivyotumiwa vibaya tu, kwa sababu vilivyotumiwa vizuri vimejificha. Ndiyo maana mdadisi anaingia ndani. Hatuulizi tu "je, unatumia chandarua?", maana kila mtu atajibu ndiyo. Tunaomba kukiona.

Nikupe moja. Kijiji kimoja nilikuta chandarua kimezungushiwa mchicha, kimetoboka hata kuku anapita. Nikajisemea huyu mama simuachi. Nikamuuliza kwa adabu. Akacheka, akaniingiza chumbani: kitandani kimening'inia kipya, kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Kile cha bustanini kilikuwa cha zamani, kimeshalaliwa miaka minne. "Sasa baba, nikitupe?"

Nyumba ya tatu kutoka hapo nilikuta kiko ndani ya pakiti, juu ya kabati, vumbi limekaa. "Tunangoja kile cha zamani kichakae." Kwenye kishikwambi changu huyo ni sifuri: anacho, hakitumii. Kwa hiyo sisemi kila anayepewa anatumia. Hata kule Kenya waliokutwa wamekitundika walikuwa kama 6 kati ya 10. Ninachosema ni kwamba waliovilipia nao walikuwa hivyohivyo.

---

#5 Sista wa Zamu

Niko wodi ya wazazi mwaka wa kumi na moja, nichangie kidogo.

Hii ya shilingi 40 watu wa mjini hawaielewi. Wanauliza nani anashindwa arobaini. Swali lenyewe halijakaa sawa. Mama akija kliniki kashaacha shamba, kapanda boda, kaacha mtoto kwa jirani. Hela aliyobaki nayo ina kazi yake tayari, na mara nyingi siyo yake peke yake. Ukimwambia ongeza kidogo hatakuambia sina. Atakuambia "nitakuja nacho Jumatatu". Jumatatu haifiki.

Kwenye kumbukumbu zetu huyo hataandikwa kwamba hakuweza kulipa. Hataandikwa popote.

---

#6 Mdadisi wa Zamani

Sista umemaliza. "Hataandikwa popote" ndiyo sababu ya kliniki 20. Ukiangalia daftari la kituo kinachouza, utaona waliolipa tu, na wote wanaonekana wanathamini!

Kuna mfano mwingine wa hukohuko magharibi mwa Kenya, wilaya ya Busia: dawa za minyoo shuleni. Michael Kremer na Edward Miguel walikuwa na shule 75 huko kuanzia 1998, watoto zaidi ya 30,000. Baadaye baadhi ya shule wazazi wakatakiwa kuchangia kidogo sana, na wanaotumia dawa wakapungua kwa asilimia 80. Na angalia: minyoo haiheshimu ada. Mtoto wa asiyelipa anaendelea kuambukiza wa aliyelipa, kwenye choo kimoja. Huwezi kusema kila mtu abebe msalaba wake wakati minyoo ni ya wote. Kremer alipata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa aina hii ya kazi.

---

#7 Jaluo Mpole

Niko Siaya, nasoma hii kitu nikicheka kwa sababu hapa kwetu tumefanyiwa utafiti hadi ng'ombe wanajua kujaza fomu.

Lakini niongeze ya vyandarua. 2006 serikali ya Kenya ilifanya kampeni ya kugawa bure kwa watoto chini ya miaka mitano. Abdisalan Noor na wenzake walikuwa wanafuatilia wilaya nne kabla na baada. Wakati vinauzwa madukani, watoto waliolala chini ya neti yenye dawa walikuwa karibu asilimia 7. Vilipoanza kupunguzwa bei kliniki wakapanda hadi kama 23. Bure ilipokuja, 67. Na kitu muhimu: mwanzoni matajiri walikuwa mbali mbele ya maskini. Baada ya bure, pengo likaisha, wote wakawa sawa.

Sasa hiyo si kura kama ya kina Cohen, ni kufuatilia tu mwaka hadi mwaka. Lakini ukiweka zote mbili mezani zinaongea lugha moja. 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo likatoka likasema neti zigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa.

---

#8 Kalamu Nyekundu

Mleta mada ameandika vizuri, lakini anatupeleka haraka. Ngoja nimwage maji kidogo. Nimefundisha uchumi muda mrefu kiasi cha kuchoka na watu wanaochukua utafiti mmoja na kuugeuza aya ya msahafu.

Swali la kwanza: "cha bure hakithaminiwi" imepimwa kwa chandarua. Je, kwa vitu vingine? Nava Ashraf, James Berry na Jesse Shapiro walikwenda Lusaka, nyumba kwa nyumba, wakiuza dawa ya klorini ya kutibu maji. Walitumia mbinu ileile ya bei mbili: unakubali bei, kisha unashtukizwa na punguzo. Uchungu wa hela nao hawakuuona. Lakini kuchuja walikuona! Waliokuwa tayari kulipa zaidi ndio waliokutwa na klorini kwenye maji yao. Kwa nini tofauti? Fikiri kidogo tu. Klorini unaweza kufulia, unaweza kudekia choo. Chandarua kina kazi moja kubwa, na mjamzito anaijua. Kwa hiyo bure ya kitu chenye matumizi mengine ni swali jingine.

Swali la pili ni zito zaidi. Nani anatekeleza? Hapohapo Kenya ya magharibi utafiti ulionyesha kwamba walimu wa mkataba wanainua matokeo ya watoto. Serikali ikapenda, ikapanga kuajiri 18,000 nchi nzima. Bahati nzuri Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na wenzao wakapata nafasi ya kupima katika shule 192, mikoa yote minane ya wakati ule. Kura ilikuwa na mkato wa pili: baadhi ya shule mpango ukaendeshwa na shirika lisilo la serikali, nyingine na wizara yenyewe. Mkataba uleule, kazi ileile. Kwa shirika, watoto wakapanda. Kwa wizara, sifuri. Mishahara ilichelewa, usimamizi ukalegea, vyama vya walimu vikaingia.

Kwa hiyo mtu akija na "utafiti umeonyesha", mimi namuuliza umeonyesha nani akifanya.

---

#9 Mdadisi wa Zamani

Mwalimu Kalamu, shikamoo. Nakubali yote mawili, na la pili linaniuma kwa sababu nililisahau makusudi, si kwa bahati mbaya. Ukianzisha uzi unataka stori inyooke.

Ila angalia jinsi tulivyojua kwamba wizara ilifeli: kwa kura ileile. Bila ule mkato wa pili wangeajiri 18,000, miaka mitano baadaye matokeo yangekuwa palepale, na tungelaumu watoto.

---

#10 Kipande cha Muwa

Mimi bado sijaridhika na hii kura yenu. Yaani unajua chandarua kinaokoa maisha, halafu unapiga kura nani akose? Hapo ndipo wasomi mnaponichosha. Mnafanya watu panya.

---

#11 Sista wa Zamu

Hilo na mimi lilinikaa kooni, @Kipande.

---

#12 Mdadisi wa Zamani

Ni swali halali na sitaliruka.

Kuna tafiti ambazo hazikupaswa kufanyika, hilo nakubali bila kuhojiwa. Nimewahi kusaini fomu ya ridhaa na mzee ambaye nilijua kabisa hajasikia hata sentensi moja niliyomsomea, anangoja tu sabuni tuliyokuwa tunatoa mwisho wa mahojiano. Nilimsomea tena. Msimamizi wangu akanikaripia kwamba nachelewesha gari. Hilo liko kwangu hadi leo.

Lakini mara nyingi kukosa kulikuwepo kabla ya mtafiti. Hela ya mpango inatosha vijiji 40, vijiji viko 80. Nani aanze? Kwa kawaida anaanza anayejuana na mbunge, au aliye kando ya lami. TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, walipoanza majaribio ya ruzuku kwa kaya maskini Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, vijiji vilikuwa 80, arobaini vikaanza 2010 kwa kura, vingine vikasubiri. Je, kura ilikuwa dhambi kuliko simu ya mkubwa? Na ile ya minyoo Busia ilikuwa hivyohivyo: shule 25 mwaka wa kwanza, 25 zikaongezwa wa pili, 25 za mwisho 2001. Wote walipata. Walitofautiana zamu.

Kwa TASAF, kimojawapo walichokiona ni kwamba kaya zilizopata zilijiunga zaidi na CHF (mfuko wa afya ya jamii) na zilinunulia watoto viatu zaidi. Viatu! Nilipoyasoma matokeo nilikumbuka zile kelele za "watanywea pombe".

---

#13 Jaluo Mpole

Na si kila kitu kinapigwa kura. Hakuna mtu atapiga kura ya kujenga barabara ya Thika. Kina Tavneet Suri na William Jack walitaka kujua M-Pesa imefanya nini. Huwezi kumwambia Mkenya "wewe kaa bila M-Pesa kwa ajili ya sayansi". Walichofanya ni kuangalia wakala alisogea karibu na nyumba kwa kiasi gani, na mabadiliko ya maisha ya nyumba hiyo kwa miaka. Mwaka 2016 wakaandika kwamba kaya 194,000, asilimia 2 ya kaya za Kenya, zilitoka kwenye umaskini. Kabla ya hapo walionyesha kwamba mtu asiye na M-Pesa akipata msiba au mazao yakikauka, matumizi ya nyumba yanashuka kwa kama asilimia 7. Mwenye M-Pesa hayashuki. Anatumiwa kutoka Nairobi siku hiyohiyo.

Halafu kuna ile ya matatu, yaani daladala za kwetu Kenya, hii ndiyo naipenda. James Habyarimana na huyohuyo Jack waliweka stika ndani ya magari zikiwaambia abiria wapige kelele dereva akiendesha vibaya. Ndiyo chanzo cha zile stika za kampeni ya Zusha! Hawakutegemea maneno ya madereva wala abiria. Walienda kwa makampuni ya bima wakahesabu madai ya ajali. Mara ya kwanza yalishuka karibu nusu. Waliporudia kwa magari mengi zaidi ikawa robo hadi theluthi. Stika bana! Na madereva walikuwa na bahati nasibu yao, ukikutwa hujazibandua unaweza kushinda.

---

#14 Bibi Mitishamba

Nusu ikawa robo. Hapo ndipo naanza kuwaamini, wanaporudia na kusema ilipungua.

---

#15 Kalamu Nyekundu

Bibi, umewashinda wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu.

---

#16 Mwalimu wa Chaki

Salaam. Nafundisha msingi, vijijini. Nimesoma uzi wote wakati wa mapumziko.

Hapa Tanzania mbona mmelisahau jaribio la KiuFunza? Shirika la Twaweza waliliendesha 2013 na 2014, shule 350, wilaya kumi, darasa la kwanza hadi la tatu. Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao waliandika matokeo. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Shule 70 nyingine hazikupewa ruzuku ila mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kila somo, Kiswahili, Kiingereza na hesabu, na mkuu wa shule shilingi 1,000. Shule 70 zikapewa vyote viwili. 140 zikabaki za kulinganishia.

Ruzuku peke yake, watoto hawakupanda. Vitabu viliingia, madaftari yaliingia, na wazazi nao wakapunguza kununua. Ahadi peke yake, matokeo ya kusuasua. Vyote viwili pamoja, watoto walipanda vizuri tu. Mwalimu mwenye hamu bila kitabu anachoka, na kitabu bila mwalimu mwenye hamu kinaliwa na panya stoo. Hilo la panya halimo kwenye ripoti, nimeliongeza mimi.

Nimelisema kwa sababu kwenye vikao vya kamati mjadala wetu huwa mmoja: leteni vifaa, au wabaneni walimu. Sijawahi kusikia mtu akisema vyote viwili kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa nina swali langu kwa mleta mada. Shuleni kwetu tuna uji. Wazazi wanachangia mahindi na hela kidogo ya sukari na mpishi. Wasiochangia watoto wao hawanywi. Mimi sipendi, mkuu wangu anasema tukifanya bure hakutakuwa na uji kabisa. Shule jirani wanatoa kwa wote na wanafaulu kutuzidi. Je, niwapelekee mfano wa chandarua?

---

#17 Mdadisi wa Zamani

Mwalimu, ungenipigia simu ningekuambia usipeleke. Kwa sababu mbili.

Chandarua kililetwa na mtu mwingine, kipo, swali likawa bei. Uji wenu unatoka kwenye hayo mahindi yenu. Mkuu wako anaogopa kitu cha kweli: mkiondoa mchango, sufuria litajaa nini? Hilo halikupimwa kule kwenye vyandarua.

Ya pili ni hiyo shule jirani. Kuna kisa cha chati za ukutani, zile kubwa za picha za sayansi. Kina Paul Glewwe na Kremer walilinganisha shule za Kenya zenye chati na zisizo nazo, wakaona zenye chati zinafaulu zaidi. Wangeishia hapo wangeshauri nchi nzima inunue. Wakachukua shule 178, nusu wakazipa chati kwa mpangilio usiopendelea shule yoyote, wakasubiri. Tofauti: hakuna. Shule zilizokuwa na chati mwanzoni zilikuwa na vitu vingine vingi tu, wazazi wenye uwezo, mkuu wa shule anayehangaika. Chati ilikuwa dalili, haikuwa dawa. Huenda uji wa jirani yenu ni dawa, huenda ni dalili kwamba wana kamati nzuri. Kwa kutazama juu ya uzio huwezi kujua.

---

#18 Kalamu Nyekundu

Nyongeza kwa Mwalimu: uji umepimwa, ila kwa chekechea, huko huko magharibi mwa Kenya. Christel Vermeersch na Kremer. Shule zilizopewa uji mahudhurio yalikuwa juu kwa asilimia 30 hivi. Lakini kupika na kunywesha kulikula muda wa kufundisha, na alama zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa na uzoefu. Kwa hiyo ukiupata huo uji wa bure, ulinde na kengele.

---

#19 Sista wa Zamu

Mwalimu, watoto wasiochangiwa wakati wenzao wanakunywa wanakaa wapi?

---

#20 Mwalimu wa Chaki

Wanabaki darasani, Sista. Wengine wanatoka nje wanakaa nyuma ya choo ili wasionekane. Baadhi ya siku hawaji kabisa, hasa Jumatano na Alhamisi, akiba ya nyumbani inapokuwa imekata. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha kwenye kamati.

---

#21 Mdadisi wa Zamani

Basi hapo una swali, na ni dogo la kupimika, huhitaji Nobel. Usiwapelekee "uji wa bure ni mzuri". Wapelekee hivi: watoto wasiochangiwa wanakosa siku ngapi kuliko wanaochangiwa, na je, ni siku za uji zaidi au siku zote? Kuna siku ambazo uji haupikwi?

---

#22 Mwalimu wa Chaki

Zipo. Mpishi akiugua, au kuni zikilowa. Masika iliyopita tulikaa wiki mbili bila uji.

---

#23 Mdadisi wa Zamani

Hizo wiki mbili ni dhahabu, mwalimu. Hakuna aliyezipanga, hazikumchagua mtoto wa fulani. Angalia watoto hao hao: wasiochangiwa walikuja zaidi siku ambazo hakuna mtu aliyekunywa, au walikuja vilevile? Na wanaochangiwa je, walipungua? Ukipata tofauti kati ya makundi mawili kabla na ndani ya hizo wiki, una kitu cha kuweka mezani. Kumbuka tu kwamba masika yenyewe inazuia watoto kuja, lakini mvua iliwanyeshea wote.

Daftari la mahudhurio unalo?

---

#24 Kalamu Nyekundu

Nasubiri jibu hili kuliko matokeo ya Simba na Yanga.

---

#25 Mwalimu wa Chaki

Ninalo, tangu 2021, madarasa yote. Nimelifungua sasa hivi hapa mezani. Tatizo nimeliona: zile wiki mbili zote zina vema kwa kila mtoto, wino mmoja, mwandiko mmoja. Mwalimu wa darasa alijaza Ijumaa kwa wiki nzima.

---

#26 Mdadisi wa Zamani

Karibu kwenye utafiti, mwalimu. Jumatatu chukua daftari lako jipya, mistari mitatu tu: jina, yupo au hayupo, uji umepikwa au haukupikwa. Ujaze mwenyewe, saa mbili asubuhi, kabla kengele ya uji haijalia.